Sandwichi za hosteli: mwongozo kwa mwanafunzi asiye na jiko

Anayehamia hosteli kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili kwa mpigo: jiko haliruhusiwi chumbani, na hela ya matumizi inakuja kwa awamu. Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, wiki nzima ni chipsi kuku. Likikaribia kuisha, watu wanahesabu chapati. Kuna chakula ambacho kingewafaa siku zote hizo, lakini wengi hawakifikirii kwa sababu wamezoea kukiona kwenye kabati za vioo za mikahawa ya mjini, kikiwa na bei ya kumkimbiza mtu. Nacho ni sandwichi. Vitu vyake vyote vipo dukani kwa Mangi na kwenye genge la mboga, na vifaa vyake ni kisu, ubao wa kukatia, bakuli, uma na kijiko.

Kuna na raha yake. Wengi wetu tumelelewa kwenye nyumba ambazo jikoni palikuwa na mwenyewe, ama mama ama dada, na sisi tulikaa tukasubiri sahani. Sandwichi inaweza kuwa chakula chako cha kwanza unachokiamua mwenyewe kuanzia sokoni hadi mdomoni: pilipili iwe kiasi gani, kitunguu kiwepo au kisiwepo, ndimu ikolee au iguse tu. Nimeona vijana ambao hawajawahi kushika kisu wakianza na parachichi na chumvi, na muhula haujaisha wanabishana kama kachumbari ya tango inataka siki au ndimu. Ndiyo maana naandika kwa kirefu kidogo kuliko orodha ya vitu vya kununua.

Adui ni maji

Kabla ya mapishi yoyote, shika hili. Sandwichi mbaya karibu zote zina ugonjwa mmoja: mkate umelowa. Nyanya imetoa maji, kitunguu kimetoa maji, mchuzi wa maharage umepenya, na unapoishika inakatikia mkononi. Ukijua kuzuia maji, hata vitu vya bei ndogo vinakuwa chakula kizuri. Kazi hiyo ina sehemu mbili.

Kwanza ni kuupaka mkate mafuta. Margarini, siagi, siagi ya karanga au parachichi lililopondwa, chochote chenye mafuta, kinaweka ukuta kati ya mkate na mboga, maana maji hayapiti kirahisi kwenye mafuta. Ila ukuta ukiwa na tundu si ukuta. Paka mpaka kwenye kingo za slesi, pande zote mbili za ndani, tabaka jembamba lakini lisilo na pengo. Kwa joto la Dar margarini huwa laini yenyewe, haikwarui mkate. Aliye Mbeya au Iringa miezi ya Juni na Julai aikoroge kwanza kwa kijiko kwenye kikombe hadi ilainike, la sivyo atauchana mkate wote.

Pili ni kuzitoa mboga maji kabla hazijakutana na mkate. Nyanya ikate katikati, kamua mbegu na ule ute wake (unaweza kuula hapo hapo, ni mtamu), kisha kata nyama yake vipande vyembamba na uviweke juu ya tishu dakika chache. Tango likate vyembamba, nyunyiza chumvi kidogo, acha dakika 10, halafu likamue kwa mkono. Utashangaa kuona maji yanayotoka. Karoti na hoho hazina usumbufu huo, karoti kwangua na hoho kata nyuzi nyembamba.

Kitunguu kina namna yake, na waliokulia pwani wameiona kila siku ya pilau. Kata duara nyembamba kadiri kisu chako kinavyoweza. Weka kwenye bakuli, tia chumvi nusu kijiko cha chai, ufikiche kwa vidole mpaka uone kinalegea na maji yenye povu yanatoka. Mwagia maji safi, suuza mara mbili, kamua kabisa. Ukali unaomfanya mtu asikae karibu na mwenzake darasani umeondoka, na kilichobaki ni utamu na mlio wa kutafuna. Ukikidondoshea ndimu hapo, kinaanza kuwa cha waridi kama ni kitunguu chekundu. Kwa kipimo hicho kimoja tu, sandwichi ya mwanafunzi inaipita ile ya mkahawani.

Maji ya kuoshea mboga mbichi yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo chochote kilichokuja na mboga kutoka shambani au gengeni kinapunguzwa na maji safi na mikono iliyonawa kwa sabuni. Mboga ikatie kwenye ubao ambao haujakatiwa nyama mbichi.

Mkate upi

Mkate wa slesi wa dukani unatosha. Minya pakiti taratibu: mzuri unarudi, uliokaa unabaki umebonyea. Soma tarehe. Mikate mingi ya viwandani ina sukari, na hiyo inafaa kwa karanga na ndizi, lakini kwa maharage au samaki tafuta usio mtamu au wa ngano isiyokobolewa. Zanzibar na Mombasa wana boflo, ambalo kwa maoni yangu ndilo mkate bora wa kazi hii kuliko yote tuliyonayo, kwa sababu ganda lake linashikilia vitu vya ndani bila kulowa upesi. Skonzi nazo zinafaa. Hata chapati inafaa, na Kampala wamelijua hilo muda mrefu: rolex yao ni mayai na mboga vilivyozungushiwa chapati, na wanafunzi wa Makerere wamekua nayo.

Usiuweke mkate kwenye friji hata kama mwenzako anayo. Baridi ya friji inaufanya wanga wa mkate ukakamae haraka kuliko ukiwa nje. Ufunge vizuri kwenye mfuko wake, weka mbali na jua na mbali na dirisha la mvua. Kwenye unyevu wa pwani hesabu siku chache tu. Ukiona ukungu kwenye slesi moja, tupa mkate wote. Ile nyuzi ya ukungu imeshaingia ndani pasipoonekana, na kukata kidoa hakusaidii. Kama kuna frijza ya kuaminika, hiyo ni habari nyingine: mkate unakaa humo wiki kadhaa, unatoa slesi unazotaka, zinayeyuka mezani kwa nusu saa.

Ya kuanzia: parachichi na yai

Hii ndiyo ya kujifunzia, kwa sababu ina karibu kila kitu. Kwa mtu mmoja: slesi 2, yai 1, parachichi robo hadi nusu kulingana na ukubwa, kitunguu kilichofikichwa kijiko kimoja, nusu ndimu, chumvi na pilipili manga.

Anza na yai. Litumbukize kwenye bakuli la maji. La karibuni linalala chini kwa ubavu, lililokaa siku nyingi linasimama, na linaloelea liache. Kama kuna jiko la pamoja kwenye hosteli, chemsha, na maji yakishatokota hesabu dakika 9 au 10. Kama una jagi la umeme tu na hosteli yenu inaliruhusu, osha mayai vizuri, yapange ndani, tia maji ya baridi yapite juu yake vidole viwili, washa. Jagi likijizima, usifungue. Acha dakika 15 mfuniko ukiwa umefungwa. Joto lililobaki linamalizia kazi. Ukitaka kuwa na hakika zaidi kwamba kiini kimeiva, washa mara ya pili. Kisha jagi lisuuze kwa sabuni kabla halijarudi kwenye chai.

Mwaga maji ya moto, tumbukiza mayai kwenye maji ya baridi mpaka yapoe kabisa. Gonga upande mnene, kule kwenye kijichumba cha hewa, uanze kumenya hapo ndani ya maji. Yai lililotagwa jana hung'ang'ania ganda, lenye wiki moja humenyeka vizuri zaidi, kwa hiyo usilaumu mikono yako. Na ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, limechemka kupita kiasi tu, halina madhara.

Sasa parachichi. Parachichi zinazofika sokoni kutoka Rungwe, Njombe na Kilimanjaro ni za aina nyingi, na rangi ya ganda haikuambii kitu kwa zote. Bonyeza kwa kiganja, siyo kwa ncha ya kidole, karibu na kikonyo. Likikubali kidogo, limeiva. Gumu lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, maana ndizi hutoa gesi ya etilini inayoivisha matunda mengine. Kata, toa mbegu, chota kwa kijiko hadi kwenye bakuli. Kamulia ndimu mara moja. Parachichi linakuwa jeusi kwa sababu ya hewa, na uchachu wa ndimu unachelewesha jambo hilo. Watu wengi huacha mbegu ndani ya nusu iliyobaki wakiamini inazuia weusi, lakini mbegu inalinda pale tu ilipogusa. Nusu iliyobaki ipake ndimu, ifunike kwa kitu kinachogusa nyama yake kabisa hewa isipite, na uile leo leo.

Ponda parachichi kwa uma, libaki na vibonge vidogo. Tia chumvi, pilipili manga, kitunguu. Ongeza yai ulilolikatakata, ute mweupe ubaki vipande vya kama punje ya mahindi, kiini kivunjikevunjike. Changanya mara chache tu. Ukikoroga sana unapata uji wa kijani, na utamu wa sandwichi hii ni kukutana na laini hapa na kigumu pale. Onja kabla ya kuweka kwenye mkate. Kuonja ndiyo sehemu inayorukwa na wanaoanza, na ndiyo inayofundisha. Kikiwa kimepooza, mara nyingi kinataka ndimu kabla hakijataka chumvi.

Hapa huhitaji margarini, parachichi ni mafuta tosha. Tandaza mpaka kingoni, katikati pawe pameinuka kidogo, funika, kandamiza kwa kiganja kwa uzito mdogo ukihesabu hadi kumi, kisha kata kwa mshazari. Tumia kisu chenye meno ukikivuta na kukisukuma kama msumeno. Ukikisukumiza chini, kila kitu kitatokea pembeni.

Ya maharage

Naipenda kuliko zote, na ndiyo itakayokufikisha mwisho wa awamu. Nunua maharage kwa mama ntilie yakiwa ya moto, omba yasiyo na mchuzi mwingi. Yasiwe ya nazi, kwa sababu huchacha haraka na ni mepesi mno kwa mkate. Yachuje, mchuzi uuweke pembeni. Ponda nusu yake kwa uma hadi yawe mazito, nusu nyingine acha punje nzima. Kikiwa kikavu kupita kiasi rudisha mchuzi kijiko kimoja kimoja. Kichotwe kwa kijiko kikakaa, kisiporomoke: hapo ndipo.

Sasa kichangamshe. Maharage yaliyopikwa ni matamu lakini ni ya sauti moja, yanataka kitu kibichi na kitu kichachu. Weka kitunguu kilichofikichwa, nyanya isiyo na mbegu, majani ya giligilani yaliyokatwa, ndimu na pilipili mbichi kidogo. Paka slesi margarini, tandika kabichi iliyokatwa nyembamba kabisa, juu yake maharage, funika.

Kwa mwili ni mlo kamili kuliko inavyodhaniwa. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, kiungo kimojawapo cha kujengea protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na kile ambacho maharage yanapungukiwa, ngano inacho. Waganda wanaokula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, wanakula jozi hiyo hiyo.

Ila yawe ya leo. Maharage yaliyolala chumbani usiku kucha bila friji usiyatie kwenye mkate, hata kama hayanuki. Vijidudu vingine huacha sumu ambayo haibadilishi harufu, na wengine sumu yao haiondoki hata ukipasha.

Za haraka

Karanga na ndizi: siagi ya karanga slesi zote mbili, ndizi mbivu iliyokatwa duara, chumvi kidogo sana, na asali ya Tabora ukijaliwa. Ni chakula cha asubuhi cha kumpeleka mtu hadi saa saba bila kusikia njaa. Karanga zenyewe chagua kwa makini: zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Siagi ya karanga ya dukani nunua yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Dagaa: waliokaangwa wakakauka, wa Kigoma au wa Mwanza, juu ya margarini na kachumbari yenye ndimu nyingi. Wapange mwisho kabisa, dakika ya kula, ili wabaki wanalia mdomoni. Samaki wa kopo nao wanafaa, wachuje, uwaponde na kitunguu. Kopo likishafunguliwa bila friji, liishe wakati huo huo, kwa hiyo mwite mwenzako.

Bagia za dengu: zipasue, zibonyeze ndani ya boflo au skonzi, weka chatne ya embe mbichi. Mchana wa jua kali sijui kitu kinachoizidi.

Kubeba kwenda darasani

Mayai, samaki na maharage vikikaa kwenye joto la chumba, hesabu saa 2. Jua likiwa limepanda nyuzi 32 na zaidi, kama Dar ya Januari, hesabu saa 1. Kwa hiyo sandwichi ya kukaa kwenye begi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana iwe ya karanga na ndizi, au karanga na karoti iliyokwanguliwa. Zile nyingine tengeneza ukirudi chumbani, au beba mchanganyiko na mkate mbali mbali ikiwa kipindi ni kimoja tu.

Usiiweke kwenye hotpoti. Hotpoti inatunza joto na mvuke, vitu viwili ambavyo sandwichi haivitaki. Usiifunge kwa gazeti pia, wino wake si chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini mkate wenyewe bado unakuja kwenye mfuko wake safi: usitupe, funga sandwichi kwa tishu au karatasi ya kuokea, kisha rudisha humo. Kopo lenye mfuniko ni bora zaidi, maana sandwichi haibonyezwi na vitabu.

Wakati wa mitihani chakula hiki ndipo kinapoonyesha thamani yake, maana kinalika kwa mkono mmoja, mwingine unafunua kurasa. Ndivyo kilivyojipatia umaarufu Uingereza karne ya 18. John Montagu, bwana wa nne wa Sandwich, anasemekana aliagiza nyama katikati ya mikate miwili ili asinyanyuke mezani. Wengine husema ilikuwa meza ya kamari, wengine meza ya kazi. Novemba 1762 mwanahistoria Edward Gibbon aliandika kwenye shajara yake kwamba amewaona waheshimiwa wa London wakila hivyo klabuni usiku.

Mkinunua pamoja

Chumba cha watu wanne kinaweza kula vizuri kwa hela ndogo mkichangishana. Mkate mkubwa uliokatwa slesi za kawaida unawatosha watu wanne mlo mmoja wa sandwichi mbilimbili, na mara nyingi slesi kidogo hubaki kwa chai. Mmoja alete mkate, mwingine mayai, wa tatu parachichi na ndimu, wa nne kitunguu, nyanya na giligilani. Gengeni nenda jioni wanapokaribia kufunga. Parachichi na nyanya zilizoiva sana, ambazo hazitafika kesho, muuzaji anakuwa tayari kupunguza bei, na kwako zinapondwa leo leo. Msalimie, mwambie unatengeneza nini. Mama wa genge akikujua, atakuwekea parachichi la siku ya tatu bila kuombwa.

Kila mtu ajijengee sandwichi yake kutoka kwenye mabakuli yaliyopangwa mezani, ndipo mtaona tofauti za makwao: wa Tanga ataomba ndimu mara mbili, wa Bukoba ataulizia ndizi. Atakayeleta pilipili ya kusaga kutoka nyumbani, mpeni nafasi ya kwanza.

Vichwa vya mkate, vile vipande viwili vya mwisho ambavyo hakuna anayevitaka, vikatekate na uvianike juani juu ya kitambaa safi mpaka vikauke kabisa. Viponde kwa chupa, vitie kwenye kopo kavu. Siku mtakayopata jiko la kuazima, chenga hizo ndizo za kuzungushia katlesi za viazi, na katlesi ikipoa kidogo, ibonyeze ndani ya skonzi pamoja na kabichi na ndimu.